Picha ya siku mu machine ya Mama Hadjara

Kama unaishi Mulekera na Mama Hadjara hajakupiga picha hata moja, basi weye hauna sura. Njo vile tunasemaka huku, na hakuna mwenye alisha kukataa.

Labo yake ya picha iko pembeni ya parking ya bamoto. Mulango ya bleu, pazia ya kitenge nyuma, tabouret yenye muguu moja inachezacheza, machine, ni kusema kompyuta, imprimante ya kutosha picha mu karatasi, na Hadjara mwenyewe, kilemba ku kichwa na kinywa mbele. Kinywa njo inatangulia. Miye nauzisha unités ya simu mulango ya pili, donc siku yote nasikilizaka cinéma ya bure.

"Papa, inua kidevu. Hapana vile, unafanana mutu anaangalia kama mvua itanyesha. Cheka kidogo. Kidogo, nimesema! Hii ni picha ya passeport, weye unataka bakufungie ku barrière?"

Bwana yake Bilali iko chauffeur, anapandaka na kushuka Beni–Butembo. Watu banasema alichagua ile kazi juu apumuzike masikio. Ni uongo. Anamupenda sana. Mais masikio, kweli inapumuzika.

Picha ya communion, ya harusi, ya batoto ba maternelle, hiyo kila labo inafanya. Chenye kilimufanya Hadjara ajulikane mupaka Oicha ni picha ya siku.

Bale bako kwetu banajua. Bale hapana, nabaelezea: mutu akikufa, kuko picha yenye inatangulia mbele ya sanduku, mutoto wake anaibeba ku kifua, na batu ba ku ndjia banajua ni nani anapita. Hiyo njo picha ya siku. Zamani ilikuwa mambo ya bazee. Mukaka, ni kusema bibi muzee, anaoga, anavaa kikwembe ya Noeli, anakaa ku tabouret, anasema tu: "Nifanyie ya siku." Hakuna mutu anauliza siku gani. Leo? Leo hata kijana mwenye ndevu haijaota vizuri anapita kwa Hadjara mbele ya kwenda shamba. Ba motard ba ligne ya Mbau banakuja na casque ku mukono. "Mama, haraka kidogo, client iko anangoja." Anapigwa, anaenda.

Na kuko sheria moja, hakuna mwenye aliiandika, mais hata mulevi anaijua. Picha ya siku hapana kuitoa mu karatasi mbele ya siku. Kuitosha mapema ni kuita. Donc inalala mu machine, mu dossier yenye Hadjara aliita "Siku", mupaka famille ikuje. Hadjara iko Mwislamu, kwao mayiti haitangulizwe na picha ya mutu. Mais na yeye alikuwa anashika ile sheria kupita hata padiri. "Karatasi iko na masikio," alikuwa anasema.

Sasa Ma Kavuo.

Kavuo alikuwa na shamba upande ya Mbau, na meza ya makemba, ndizi ya kupika, hapo mbele ya labo. Mukatoliki wa kwenda misa hata mu matope. Beye babili na Hadjara, hakuna siku ilipita bila kutukanana kwa mapendo. Siku moja akaingia, foulard nyekundu, kikwembe ya pressing, manukato mupaka kwangu mulango ya pili nikapiga chafya.

"Mwislamu yangu, leo unipige ya siku."

"Weye? Kifo gani itakukubali? Utaipandishia bei mupaka irudi yenyewe kwayo."

"Piga tu. Sitake banitie ile ya carte."

Hapo hata Hadjara alikubali, juu hiyo carte siye bote tuliiona. Carte d'électeur ya Kavuo, ile ya kupigia kura! Tunajua carte inafanya kila mutu afanane muizi wa kuku, mais yake ilipita. Siku ya kuandikishwa alikuwa anagombana na agent juu ya mustari, agent naye akabonyeza tu hapo katikati. Jicho moja wazi, ingine imefungwa, mudomo umebaki mu neno yenye haikuisha.

"Mukinibeba na ile," Kavuo akasema, "batu batauliza ku ndjia: huyu njo nani? Nimeuzia hii mji makemba maisha yangu yote, kisha baulize huyu njo nani? Hapana, yaya. Nipige na sura yangu."

Akakaa. Hadjara akamuambia kitu mu sikio, sijue nini mupaka leo, na Kavuo akacheka na ile nafasi yake ya jino la mbele. Clac. Batu bangu, ile picha niliiona ku écran. Mutu angeiona, angenunua makemba hata kama ameshiba.

"Bwana Yesu," Kavuo akasema. "Huyu mwanamuke ningemuoa."

"Iko imelala salama," Hadjara akamujibu. "Machine yangu iko na malaika mulinzi."

Na huyo malaika, tumuongelee.

Kila client wa labo anakuja na clé USB yake, na kila clé iko na ugonjwa yake. Machine ya Hadjara ilikuwa inakamata virus sawa mutoto wa crèche anakamata mafua. Akaita Apollinaire, technicien wa hapa, kijana wa lunettes. Apollinaire akakuja siku ya Tabaski, Idi ya kuchinja, akakula nyama mbele ya kushika clavier. Nyama ya mbuzi yenye Hadjara alikuwa amefuga miezi mingi na kuipa jina Ministre, juu ilikuwa inakula, inalala, na haikusaidia mutu. Kisha ya kula, akaingiza logiciel, programu moja.

"Mama Hadjara, hii ni assurance. Kila siku inachunga kumbukumbu ya machine. Hata mutu akuje na virus yenye miguu, weye unabonyeza, unarudi jana sawa hakuna kitu ilipita. Nimeweka na mot de passe, neno ya siri, juu batu basichezee."

"Na copie? Niweke ku disque ingine?"

"Mama. Nani anafunga kufuli juu ya kufuli?"

Na kweli, ile kitu ilitumika muzuri. Virus inaingia asubui, Hadjara anabonyeza, machine inarudi jana, tunacheka. Nilikuwa namuambia: "Mama, na miye unirudishe jana, mbele ya ile pombe." Apollinaire naye akachoka kutengeneza imprimante za batu benye hawana encre, akaenda Manguredjipa kutafuta dhahabu. Mot de passe akaenda nayo mu kichwa. Hakuna mwenye alifikiri kumuuliza. Malaika anaulizwaka funguo?

Kisha ikakuja ile alhamisi. Bale ba mu pori, benye banauwaka batu, bakapita mu mashamba upande ya Mbau. Sitaeleza. Bale bako huku banajua, na bale hapana, Mungu abachunge basijue. Mu bale balirudishwa bamekufa, Ma Kavuo alikuwa.

Ijumaa asubui Joyeuse, mutoto wake wa kike, akakuja kwa labo. Kikwembe imefungwa ku kiuno sawa ya mufiwa, macho imekauka. Meza ya makemba ilikuwa hapo inje, mutupu. Akaizunguka sawa inaunguza.

"Mama Hadjara. Mama alisema ya siku iko kwako."

"Iko, mwana wangu. Iko, kaa."

Hadjara akabonyeza. Machine ikaanza kuwaka, courant ya umeme ikakatika. Ikarudi, machine ikaanza tena, courant ikakatika tena. Mara ya tatu courant ikarudi na ikabaki, mais machine, hapana. Écran nyeusi. Maneno meupe ya Kizungu, na kamustari kadogo kanafungua na kufunga jicho.

Mu quartier yetu kila mutu ni ingénieur, bora machine iwe ya mwingine. Tukajaa. "Itoe ku prise uihesabie mupaka mia." "Pulizia kule nyuma." "Ipige kofi ku mbavu, yangu ilikubali." Mama moja wa chambre de prière akaweka mukono juu ya écran na kuanza kufukuza pepo. Machine ikabaki vile vile. Pepo yenyewe ilikuwa ile logiciel: ilikuwa imesimama ku mulango, inauliza mot de passe, bila hiyo hakuna mutu anaingia.

Hadjara akajaribu jina yake. Ya Bilali. Ya batoto yote. Ya labo. Ya Apollinaire. Ya Mungu. Machine ikakataa yote, mupaka ikafunga hata fasi ya kuandikia. Akatuma vocal, ujumbe ya sauti, kwa Apollinaire: "Apo, mwana wangu, nakuomba, mot de passe. Ni juu ya Kavuo. Kavuo amekufa, Apo." Alama moja tu. Ya kijivu: haijafika. Manguredjipa, kama uko mu shimo, réseau haikufuate.

"Maziko ni kesho," Joyeuse akasema, polepole. "Padiri amesha kutupa saa. Ku croix ya kaburi baliacha nafasi ya picha."

"Kesho utaibeba. Hadjara amesema."

Akachomoa ma câble, akafunga machine mu pagne sawa mutoto, akapanda mu gari ya Bilali, ikakuwa Butembo. Ndjia yote aliipakata. Bilali ananiambia ku kila shimo alikuwa anaisemesha: "Pole. Pole. Tutafika."

Kule Butembo kuko Onésime. Mutu wa muzuri, nasema mapema juu musimutukane ku commentaires. Iko na atelier, iko na diplôme ku ukuta, na anatumia tournevis yake sawa daktari. Akafungua, akaangalia.

"Maman, disque iko nzima. Hakuna kitu imekufa. Ni ile logiciel tu, imekwama ku mulango na haitake kutoka."

"Donc?"

"Donc kuko njia mbili. Tungoje mwenye mot de passe. Ao mimi namuondoa huyo mulinzi, natengeneza mulango, machine inaamuka."

"Na picha?"

"Picha ziko mu nyumba, Maman. Mulinzi akifukuzwa, nyumba inakimbia?"

Ilisikika akili. Hata miye ningekubali. Onésime akasema bado: "Bora tungefanya kwanza copie ya disque yote. Mais ile itakula siku muzima na kesho kidogo." Hadjara akaangalia simu. Vocal: alama moja. Simu ikalia. Joyeuse.

"Mama Hadjara, bajomba banauliza. Nibaambie nini?"

Hadjara akamuangalia Onésime.

"Fanya," akasema.

Onésime akaandika bitu yake. Mustari, mustari. Akabonyeza. Kimya. Kisha ile musiki ya machine kuamuka, ile ya mutoto mudogo, ikalia mu atelier muzima. Hadjara akapiga mayowe ya furaha, Bilali akaingia na mbio akifikiri ni ajali. Mbele ya kuangalia kitu chochote, Hadjara akamuita Joyeuse.

"Mwana wangu, imewaka! Imewaka! Baambie bajomba!"

Na ku simu, mu nyumba ya kilio, bamama bakasikika: "Mungu asifiwe! Wasingya, aksanti!"

Kisha Hadjara akageuka ku écran.

Ku fond d'écran ilikuwa mbuzi.

Ministre. Na kamba yake ku shingo, anatafuna, anamuangalia. Hadjara alikuwa aliiweka hapo kwa kuchekesha, ile Tabaski, na aliitosha kesho yake. Ile mbuzi tulikula. Mifupa imbwa ilimaliza.

"Onésime," akasema, na kwa mara ya kwanza kinywa yake ilikuwa kidogo. "Juu ya nini mbuzi?"

Musikilize muzuri, juu ni hapa tu nitafanya mwalimu. Ile logiciel haikuwa mulinzi wa mulango. Ilikuwa yenyewe njo inajua kila kitu iko wapi. Kila picha yenye iliingia kisha ya ile Tabaski, ni yeye tu alikuwa anajua chumba yake. Onésime akamufukuza, naye akaondoka na ndjia zote mu kichwa. Machine ikarudi siku yenye Apollinaire aliikuta. Si jana. Ile siku.

Wakafungua dossier "Siku". Ilikuwa na picha, ndiyo. Bamukaka na bazee ba zamani, bale tulisha kuzika wote. Mwenye angali hai, hata moja. Kavuo, hapana. Mbuzi ilifufuka, Kavuo hapana.

Onésime akatoka jasho. Akaingiza logiciel ya kutafuta bitu yenye imepotea, akatafuta mupaka jua ikaanza kuinama nyuma ya vilima. Ikaanza kuleta vipande. Sikio ya mutu. Casque ya motard bila motard. Ma carré ya rangi. Kisha ikaleta moja, na Hadjara akasimama.

Foulard nyekundu. Paji ya uso. Nyusi moja, imepanda kidogo sawa ya mutu anaanza kucheka. Chini ya nyusi, kijivu. Kijivu mupaka mwisho.

"Endelea," Hadjara akasema.

"Maman, njo mwisho yayo."

"Anacheka hapo chini. Mimi njo nilimuchekesha. Endelea."

Onésime akatoa lunettes na akaangalia ukuta yenye diplôme yake.

Jumamosi, machine ilikuwa inatumika sawa mupya. Haraka, kimya, bila shida. Ni yenyewe ilitosha mu karatasi picha yenye Joyeuse alileta asubui bila kusema kitu: carte d'électeur ya mama yake. Hadjara alijaribu kuikata, kuiongeza mwangaza, kuondoa zile namba zenye zilipita ku shavu. Mais hakuna mutu anafungua jicho yenye serikali ilifunga. Ukiikubwisha, njo inafungika zaidi.

Joyeuse akaibeba ku kifua. Tukatembea. Kanyatsi, majani ya kilio, juu ya barabara, jua kali, bamama ba chorale mbele. Tukafika kwa round-point ya soko, hapo Kavuo alisha kuuzisha kila kitu kwa kila mutu, na mama moja mwenye beseni ya samaki akanyosha shingo, akaangalia ile jicho moja na ule mudomo, akamuuliza jirani wake, na sauti ya muzima muzima:

"Huyu njo nani?"

Niliona mugongo ya Joyeuse ikakuwa sawa mbao.

Hadjara alikuwa nyuma na bamama Baislamu. Akapita katikati ya batu na kilemba imelegea, akalia mbele ya soko yote: "Ni Kavuo! Kavuo ya makemba! Mulikula mu mikono yake siku zote, leo hamumujue?"

Mama ya samaki akashusha beseni yake. Joyeuse hakugeuka.

Jumatatu, alama mbili. Kisha bleu. Kisha vocal, na upepo ndani, juu kule bako banapanda kilima kutafuta réseau.

"Mama Hadjara, ee, pole sana, nilikuwa chini mu shimo, nimetoka sasa hivi. Ma Kavuo wetu? Pole, pole kabisa. Bon, mot de passe ni 'ministre', jina ya mbuzi, nilifikiri hamutasahau. Unaandika, unachagua siku yenye unataka, itarudi yote. Mais sikia muzuri, Mama: hapana mutu afanye réparation. Hapana kabisa. Bakifanya réparation, kila kitu inaenda. Sawa? Uniambie kama imekubali."

Na mwisho aliweka kadole ka kusifu.

Hadjara aliisikiliza kwa mulango, na mulango ya pili miye nikasikia. Akaicheza tena. Alijaribu jina ya Mungu mu ile machine, batu bangu. Jina ya Mungu alijaribu. Ya mbuzi, hapana.

Hakujibu. Apollinaire akatuma "?" kesho yake, kisha akarudi mu shimo.

Bale benye picha yabo ilipotea mu dossier bakasikia. Hadjara alibaita mumoja mumoja bakuje bapigwe upya, bure. Bengine bakakuja. Wengi bakakataa: "Ya siku haipigwe mara mbili, Mama. Weye unataka kifo ipite mara mbili?" Motard moja alimuambia mbele ya parking yote: "Mama, machine yako inachunga bambuzi tu." Bote bakacheka. Na miye nilicheka, juu kinywa yangu iko mbio kupita roho. Hadjara hakumurudishia hata neno. Njo hapo nilijua mambo imeharibika. Kinywa yenye ilikuwa inatangulia, leo iko inabaki nyuma.

Meza ya makemba ikakaa mutupu majuma na majuma. Kisha asubui moja Joyeuse akakuja na beseni, akapanga makemba mafungu mafungu sawa mama yake alikuwa anapanga, kubwa juu, kadogo chini. Hakuangalia labo. Soko ikaisha, akanawa mikono, akafunga foulard vizuri, akaingia.

Hadjara akasimama sawa amekutwa na muzazi.

"Joyeuse. Mwana wangu. Karibu. Mimi..."

"Nipige ya siku."

"Weye? Weye uko mutoto. Hata kuolewa bado."

"Naenda shamba kesho. Mahindi ya mama inaoza, na bajomba banaogopa." Akakaa ku tabouret, ikacheza, akaishika na muguu. "Nipige. Na uitoshe mu karatasi, leo."

"Karatasi hapana, Joyeuse. Unajua. Ni kuita."

"Kuita nani, Mama Hadjara? Mama hakuitwa. Ya kwake ilikuwa imelala salama."

Hadjara akashika appareil. Kwa mara ya kwanza tangu miye niko mulango ya pili, hakusema inua kidevu, hakusema cheka. Clac. Imprimante ikalia, ikavuta, ikatema. Joyeuse akaikamata ikiwa ya moto, akaipulizia, akaangalia sura yake muda murefu. Hakuwa anacheka hapo. Akaifunga mu sachet ya plastiki juu ya mvua, akaitia mu kifua chini ya kikwembe.

Akatoka, akainua beseni yake.

Hadjara akabaki anaangalia machine. Ilikuwa inauliza kama achunge ile picha ao aifute. Aliichunga. Kisha akaitosha tena mu karatasi, ya pili, ya kwake, na akaitia mu Korani yake yenye iko ku étagère ya juu, fasi hakuna mutu atakuja kutengeneza.